Harusi milioni 11, paa la kanisa milioni 1 na laki 2: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi kwenye mtaa wetu wa kanisa huku Kibaha, tuna familia kama 60. Kuta zimeisha toka mwaka juzi, limebaki paa. Bati zinatakiwa 180, fundi kapiga hesabu bati peke yake ni milioni 6 na laki 4 na 80, mbao bado. Miezi tisa tumekusanya milioni 1 na laki 2. Mwezi wa nane kulikuwa na harusi ya mtoto wa mzee wetu mmoja wa kanisa, watu walewale wakachanga milioni 11 ndani ya miezi mitatu. Hela za saluni, bando, vikoba na kubeti wanazo ila Jumapili ni 500. Mchungaji anataka tuanze kusoma majina ya wasiotoa, wengine wanasema tumuite mheshimiwa awe mgeni rasmi. Na kuna maneno maneno ya hela ya mchanga wa mwaka jana maana tuliyemnunulia hakutupa risiti. Tufanyeje watu wamtangulize Mungu?

JIBU: Marahaba mwanangu, Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma mara tatu na ntakujibu kwa urefu maana hili jambo nimeishi nalo, nilikuwa mhasibu kazini na jioni nilikuwa mtunza hazina wa usharika, miaka 14, na siku hizi sharika zinaniita kwenye semina za uwakili, yaani namna ya kutunza na kutumia mali aliyotupa Mungu, na karibu kila ninapoenda nakutana na swali lako hili hili, kinachobadilika ni jina la harusi tu.

Tuanze na hiyo harusi basi, kwasababu wewe umeileta kama ushahidi wa kuwashtaki watu wako na mimi naiona kama ushahidi wa kuwatetea. Familia 60 zimetoa milioni 11 kwa miezi mitatu. Manake hela ipo, na moyo wa kutoa upo, tena mkubwa. Sasa jiulize kamati ya harusi ilifanya nini ambacho kamati yako haijafanya. Mtu alifuatwa nyumbani na kadi yenye jina lake. Akaambiwa single 50, double 100, achague. Akapewa tarehe ya mwisho. Kila Jumapili saa kumi kulikuwa na kikao na mhazini anasema tumefika hapa, bado hapa, ukumbi tumelipa nusu, mpambaji tumempa kiasi hiki. Kwenye grupu la WhatsApp kila anayelipa jina lake linawekewa tiki siku hiyo hiyo. Alafu siku ya siku amevaa sare, amekaa mezani, amekula pilau, ameona kwa macho yake hela yake imegeuka nini. Wewe kwenye ujenzi mnatangaza dakika mbili baada ya matangazo ya ndoa, watu wameshaanza kukusanya mikoba, "tunawakumbusha ahadi zenu za paa", basi, mpaka Jumapili ijayo. Mwanangu hapo nani amewatanguliza watu na nani hajawatanguliza?

Na kuna kitu kingine kwenye mchango wa harusi ambacho wachungaji wengi hawapendi kukisikia. Ule mchango ni akiba. Mama anayetoa elfu 50 kwa mtoto wa jirani anajua wake akioa watakuja, na akifiwa watakuja na turubai na masufuria. Ndo bima yake, hana nyingine. Kwahiyo ukisimama madhabahuni ukamwambia aache michango ya harusi ajenge kanisa unamwambia avunje bima yake, na hatavunja, atakusikiliza kwa heshima zote afu ataenda kwenye kikao saa kumi. Usipigane na vita hiyo. Utashindwa na pia sidhani kama Mungu yuko upande wako kwenye hiyo.

Sasa saluni na bando. Naomba tupige hesabu ya mtu mmoja, sio mtu fulani ila kila mtaa anao. Mama ana genge la mboga, tuseme faida yake ni elfu 8 kwa siku, anafanya kazi siku sita, hiyo ni elfu 48 kwa wiki. Kikoba ananunua hisa za elfu 10 kwa wiki. Ana mkopo, marejesho elfu 25 kwa wiki. Imebaki elfu 13. Kwenye hiyo kuna nauli za watoto, kuna mkaa, kuna umeme wa luku, kuna ile kodi ya chumba ambayo mwenye nyumba haitaki ya mwezi, anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwahiyo lazima kila wiki afiche kidogo. Afu Jumapili asubuhi anaamka anavaa anaenda kanisani na 500. Ukimuona amesuka rasta za elfu 15 unasema ana hela. Zile rasta kasuka mara moja kwa miezi miwili na anazihitaji asimame mbele ya wateja. Mimi ile 500 siwezi kuiita dharau. Kwa hesabu hiyo katoa karibu asilimia nne ya kilichobaki mkononi mwake, na kuna watu wenye magari hapo mbele hawafikii hiyo.

Adui mkubwa wa sadaka mitaani kwetu leo ni marejesho. Elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada kwenye shule za serikali toka 2016, kidato cha tano na sita ikafuata 2022, watu wakapumua kidogo, lakini nafasi ile ile ikajazwa na mikopo ya kausha damu, mtu anakopa laki mbili anarejesha kila siku jioni kijana kasimama mlangoni na daftari, akikosa siku mbili wanabeba tivii. Kabla hujatafuta paa watafute hao kwenye mtaa wako, nna hakika wapo, na wengi wamekaa kwenye viti vya nyuma. Mtu wa namna hiyo mwambie kabisa, mama pumzika na ahadi, lipa deni kwanza, sisi tutakuombea na ukimaliza utarudi. Nimeshaona mtu anakopa kausha damu ili alipe ahadi ya kanisa isije ikasomwa hajalipa. Nililia siku nilipojua. Yesu kwenye Marko 7 anawakemea watu waliosema mali hii ni korbani, nimeshampa Mungu, na huku wazazi wao wanakosa msaada. Dawa za presha za bibi na daftari za mtoto haziko kwenye mashindano na sadaka, ni sehemu ya uwakili ule ule, na kanisa linalopokea hela ya dawa linajua au halijui lina kesi ya kujibu.

Na yule mjane wa senti mbili, jamani. Kila mavuno anahubiriwa yeye. Soma mstari ulio kabla yake, Marko 12:40, Yesu ametoka sasa hivi kuwashutumu wanaokula nyumba za wajane. Ndipo mjane anaingia. Ukisoma kwa pamoja utaogopa kumtumia kama fimbo ya kuwachapia maskini, utaanza kujiuliza kanisa letu linamfanyia nini yeye.

Sasa kusoma majina ya wasiotoa. Mwambie baba mchungaji kwa heshima, akikaa peke yake ofisini sio mbele za watu, kwamba hapana. Nakupa sababu ambayo sijaisoma kwenye kitabu. Kwenye usharika mmoja nilipokuwa tulisoma majina, na mimi ndo nilikuwa na karatasi mkononi, nikasoma jina na kiasi, wa mwisho alikuwa mama mmoja mzee, nikasema "elfu mbili, deni elfu 48". Watu wengine wakacheka kidogo, sio kwa ubaya. Jumapili iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Baada ya miezi miwili nikaenda kwake, nikamkuta anapepeta mchele, hakunigombeza, akanipa kiti akanipa na chai, afu akaniambia taratibu kwamba wakati wa matofali yeye ndo alikuwa anabeba maji kutoka bondeni, ndoo ngapi hajui, kwasababu hela hakuwa nayo, akadhani tunajua. Hatukuwa tumeandika. Daftari letu lilikuwa na safu ya hela tu. Toka siku hiyo kila daftari ninalofundisha lina safu ya nguvu kazi, ndoo, siku za kibarua, chakula cha mafundi, na vinasomwa pamoja na hela, na hadharani kinasomwa kilichotolewa na watu wote kwa jumla, sio cha mtu mmoja mmoja. Cha mtu anaambiwa mwenyewe, kwa bahasha yake. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, 2 Wakorintho 9:7, na kusomewa deni mbele ya mkweo ni lazima tena ya aina mbaya kabisa.

Kabla sijafika kwenye la kufanya naomba ufanye zoezi moja. Chukua karatasi andika kila kitu ambacho kanisa lenu limewaomba watu hela mwezi huu. Kila kitu. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa tatu kama mhazini nikapata michango 11 ndani ya wiki nne: sadaka ya kawaida, ahadi ya mwaka, jengo, mchango wa jimbo, wa dayosisi, sare mpya za kwaya, spika, mkutano wa injili, umoja wa wanawake, zawadi ya mgeni, na rambirambi. Watu wale wale! Kwaya peke yake sare zake zilizidi makusanyo ya jengo, na wanakwaya ndo walikuwa wanaongoza kwa kutolipa jengo, sio kwamba wabaya, walikuwa wamekamuliwa kwingine. Kwahiyo tunavyosema matumizi binafsi yanashindana na kanisa tukumbuke kanisa nalo linashindana na kanisa. Peleka hiyo karatasi kwa baraza la wazee, ombeni miezi kumi ambayo hakuna mchango mpya zaidi ya sadaka ya kawaida, vile vya lazima vya juu, na paa. Sare zisubiri. Hapo utagombana na mwalimu wa kwaya, gombana nae kwa upendo.

Haya, sasa kikoba. Umekitaja kama mwizi wa sadaka na mimi nataka kiwe mwalimu wako. Wanawake wale wale wanaotoa 500 kanisani wanapeleka elfu 10 kwenye kikoba bila kusukumwa na mtu, mvua inyeshe. Kwanini? Nenda ukae nao siku moja uangalie lile sanduku. Lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wawepo. Hela inahesabiwa chini kwenye mkeka mbele ya kila mtu, salio linasomwa kwa sauti, na kila mtu anatakiwa alikumbuke maana wiki ijayo wataanza kwa kuulizana salio lilikuwa ngapi. Mama asiyejua kusoma analijua salio la kikoba chake kwa kichwa. Mwanangu niambie ukweli, kati ya familia zako 60 ni wangapi wanajua salio la jengo leo?

Na hii sio mambo ya kisasa. 2 Wafalme 12 iko pale, mfalme Yoashi aliwaambia makuhani wapokee hela watengeneze mabomoko ya hekalu, mwaka wa 23 wa utawala wake bado mabomoko yako vile vile. Hakuhubiri kwamba watu wamtangulize Mungu. Alibadilisha utaratibu. Kuhani Yehoyada akachukua kasha akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, likijaa wanakuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja, hela inaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi na kununua mbao na mawe. Hekalu likatengenezwa. Wazee wengine wanapenda mstari wa 15 unaosema wale waliolipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwasababu walitenda kwa uaminifu, wanasema unaona, mhazini asiulizwe. Lakini angalia mpangilio wake, kasha lilikuja kwanza, wahesabuji wawili wakaja, ndipo ukaja uaminifu usioulizwa. Hamuwezi kuanzia mwisho. Hata Paulo aliposafirisha michango ya Yerusalemu hakuibeba peke yake, alimtuma Tito na ndugu wengine na akasema wazi anafanya hivyo ili mtu asije akamlaumu.

Kwahiyo nyie fanyeni hivi. Hela ya paa iwe na akaunti yake au lipa namba yake, kwa jina la usharika, isiwe namba ya simu ya mtu hata kama mtu huyo ni mtakatifu, na ya kutoa benki iwe na saini zaidi ya moja. Ile ya mkononi ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, pale pale, waandike, wasaini. Manila moja kubwa ukutani chora vibati 180, kila bati moja ikilipiwa vijana wanapaka rangi kibati kimoja. Sasa hivi mna milioni 1 na laki 2, bati moja kwa hesabu ya fundi ni elfu 36, kwahiyo hiyo ni bati 33 na chenji. Thelathini na tatu! Watu wako wanadhani hawajafanya kitu na wameshaezeka sehemu ya madhabahu nzima kwa hesabu hiyo ila hakuna aliyewaonesha. (Kwa kununua lakini usinunue bati vipande vipande kila mwezi, rangi zinatofautiana kiwanda na kiwanda na stoo ya kanisa sio salama, mkishika hela anzeni na mbao na dawa yake ya mchwa, bati zinunuliwe kwa mara moja.)

Kiasi nacho kivunje. Ukimwambia mtu milioni 6 anaona mlima. Familia 60 zikitoa elfu 2 na 500 kwa wiki ni laki na nusu, kwa mwaka ni milioni 7 na laki 8, bati zimeisha na mbao mmeanza. Najua zote 60 hazitaweza, wale wa marejesho tumeshawapumzisha, lakini wapo watakaotoa elfu 10 na wapo wa 500, na wote wawe na bahasha. Paulo tena, 1 Wakorintho 16, siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kidogo, kila wiki, na kwa kadiri. Hakuna kiwango kimoja. Kwenye semina watu huniuliza fungu la kumi linatolewa kabla ya makato au baada, mshahara wangu unakatwa mkopo, nami huwajibu aanze na anachoweza kukitoa miezi 12 bila kuvunja, hata kama ni moja ya ishirini, aongeze mwaka kesho. Anayetoa kumi mwezi mmoja kwa hamasa ya semina afu anapotea miezi minane hajajenga tabia yoyote.

Tena angalia hela inapoingia kwa watu ni lini. Mwajiriwa ni mwisho wa mwezi, kwahiyo mkumbushe tarehe 24, sio tarehe 15 akiwa anakopa nauli. Bodaboda hela yake ni ya kila siku, jioni. Kama kuna wenye mashamba ya mahindi au mpunga ni baada ya mavuno. Kikoba kinavunjwa Desemba watu wanagawana, hapo ndo mnadi bati nzima nzima, familia inunue bati moja, elfu 36, kabla hela haijaingia kwenye sikukuu. Januari nyamaza. Januari ni sare, madaftari, michango ya shule na kodi, ukisimama Januari na bango la paa unawachokoza tu. Nasema hivi kwasababu nimeona kamati nyingi zinazindua kampeni Januari kwa kuwa ni mwaka mpya na zinakufa Februari.

Afu muwafuate watu. Wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kama kadi ya harusi. Na mnaoenda muwe mmeshatoa nyie, hili halina mjadala, kamati yako ina watu wangapi, saba? Wazee wa kanisa je? Kabla ya kugonga mlango wa kwanza bahasha zenu ziwe zimeanza. Mkifika msianze na hela. Ulizeni habari za nyumbani, ombeni nao, wakiwaambia mtoto anaumwa hiyo ziara imeshabadilika, ya paa mtarudi siku nyingine. Hapo ndipo utagundua vitu ambavyo ibada ya saa mbili haikuoneshi. Na yule mzee mwenye harusi ya milioni 11, mfuate yeye mapema, sio kumsuta hata kidogo! Muombe awe mwenyekiti wa hamasa. Kamati yake ndo imethibitisha inajua kazi, na amepokea kwa mtaa huu, kuna wajibu anaujua mwenyewe moyoni.

Vijana usiwaite wapotevu kwa ajili ya bando. Bando ndo kazi yao, anatafutia vibarua humo humo. Kubeti ni jambo lingine, hilo linahitaji mtu mzima wa kukaa na kijana mmoja mmoja, na halitatatuliwa kwa mahubiri ya paa. Ila wape vijana wajibu, picha za ujenzi, zile tiki za grupu, rangi za manila, na uwaombe thamani ya bando moja la wiki kwa mwezi. Watatoa, nimeona wakitoa na wakawauliza wazee maswali magumu ya hesabu, jambo ambalo lilitusaidia sana.

Mnada baada ya ibada uendelee, kuku, ndizi, mayai ya bibi fulani, ile furaha ya yai moja kununuliwa elfu 5 na mnunuzi akalirudisha linadiwe tena haipatikani popote. Angalizo tu, wanunuzi huwa ni wale wale watano, wakichoka mnada unakufa, kwahiyo usiuhesabu kwenye bajeti.

Kuhusu mheshimiwa awe mgeni rasmi. Sikatazi mtu yeyote kumtolea Mungu, hata mbunge ana roho. Lakini hela ya mkupuo kutoka nje inafundisha familia 60 kwamba wao sio wenye kanisa, na akiondoka mtasubiri mgeni mwingine wa sakafu, na mwingine wa madirisha. Afu huwa inakuja na kipaza sauti. Majirani zetu Kenya wameumizwa na hili mpaka Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo akaagiza fedha alizotoa Rais Ruto kwenye parokia ya Soweto zirudishwe. Na zamani zaidi, 1971, mchungaji John Gatu wa PCEA, kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama akasema wamisionari na hela za nje visitishwe angalau miaka mitano ili makanisa yetu yasimame yenyewe, wengi walimkasirikia, lakini kanisa lake likalishika neno Jitegemea mpaka leo. Huku kwetu, Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, sharika nyingi za Kilutheri zilibaki kwa wachungaji na wainjilisti wa hapa hapa wenye kipato cha ndizi na kahawa, na hazikufa, makanisa saba yakaja kuungana 1963 kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Walioshikilia wakati ule walikuwa maskini kuliko watu wa Kibaha ya leo. Mheshimiwa akitaka kutoa apewe bahasha kama wengine, atoe bati zake tano, akae kwenye benchi.

Nimeacha la mchanga mwisho na wewe pia uliliweka mwisho, kwa sentensi moja, kama kitu kidogo. Kwa uzoefu wangu hilo ndo paa lenu lilipokwama. Watu hawatasema usoni, watatoa 500, watatabasamu, watapeleka elfu 10 zao kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Siamini kama kuna mtu ameiba, naamini kabisa ulivyosema, mwenye lori hakutoa risiti, inatokea kila siku. Lakini nyie mmenyamaza na ukimya wenu watu wameujaza wenyewe. Kwahiyo kabla ya manila, kabla ya bahasha na ziara, omba kwa mchungaji nusu saa Jumapili hii baada ya ibada, sio dakika mbili. Soma hesabu yote toka msingi, iliyoingia na iliyotoka, mstari kwa mstari. Ukifika kwenye mchanga sema ni kiasi gani, lori ngapi, nani alienda kununua, na useme risiti hakuna, tulikosea kutodai. Aliyeenda kununua asimame mwenyewe aeleze. Wakiuliza jibuni. Wakikasirika kaeni wakasirike, msifunge kwa sala haraka haraka. Alafu niandikie Jumatatu uniambie mtu wa kwanza kuuliza alikuwa nani na aliuliza nini.